Treni ya Saa Kumi

Kila siku, robo saa kabla ya saa kumi alasiri, mzee Athanase alivaa nguo zake za kazi akaenda mlangoni. Kazi yenyewe haikuwapo. Alikuwa amestaafu miaka ishirini na miwili iliyopita, na injini aliyoiendesha ilikuwa imelala nyuma ya karakana, imeota nyasi hadi madirishani. Lakini akili ya mzee ilikuwa imeanza kumtoka, leo jina la mjukuu, kesho njia ya kwenda chooni, na katika yote aliyokuwa nayo maishani zamu ya saa kumi ndiyo iliyobaki imara. Mlango ukiwa wazi alitoka. Mara ya mwisho walimkuta nje ya mji wao wa Likasi, karibu na Buluo, anatembea katikati ya reli, viatu mkononi. Tangu siku hiyo Noëlla, mke wa mwanawe, aliyeshona nguo za watu hapo nyumbani, alikuwa akiufunga mlango kwa ufunguo.

Mlango uliofungwa nao ulileta balaa lake. Mzee aliugonga, akaita, akatukana kwa Kifaransa cha wakubwa wake wa zamani. Siku moja alimpiga Noëlla kofi mbele ya mteja aliyeleta kitambaa cha sare ya shule. Mteja alikikunja kitambaa chake polepole, akasema atapita wiki ijayo, na hakupita tena. Noëlla, shavu likimwaka moto, alimwambia mkwe wake, "Pardon, Papa." Mtu alipaswa kuomba msamaha, na hapo ndani hakukuwa na mwingine wa kuuomba.

Michel, mumewe, alikuwa fundi wa pampu za maji machimboni. Aliondoka Jumatatu alfajiri, akarudi Jumamosi na nguo za kufua. Alimpenda baba yake, na alimpenda zaidi akiwa mbali.

Mchezo uliingia nyumbani humo kwa mkono wa Deborah, binti yao anayesomea uuguzi Lubumbashi. Likizo ya Pasaka alikuja na karatasi moja iliyoandikwa pande mbili, akaketi mezani na wenzake wawili na dadu waliyoitoa kwenye ludo ya zamani. Hapakuwa na ubao wala kete. Mmoja wao alikuwa kiongozi: aliwaeleza mahali walipo na kilicho mbele yao, kisha akamwuliza kila mmoja anafanya nini. Wengine walijibu, kila mtu akiwa yule aliyejichagulia kuwa, mmoja askari, mwingine mganga wa meno. Jambo likiwa na shaka, dadu ilirushwa. Tano au sita, umefaulu. Tatu au nne, umefaulu lakini umepoteza kitu. Moja au mbili, umeshindwa, na hadithi inashika njia nyingine. Hapo chini Deborah alikuwa ameandika kanuni ya mwisho na kuipigia mstari: hakuna anayetolewa mchezoni.

Siku hiyo mzee alikuwa njiani kuelekea mlangoni, kofia kichwani. Deborah, kwa utani tu, akamwuliza babu yake, "Na weye, Kambo, unafanya nini?"

Mzee alisimama. Aliitazama meza.

"Signal iko nyekundu," alisema. "Ninangojea."

Akavuta kiti. Alikaa hapo saa moja na nusu, akaendesha treni, akala chakula chake, akalala bila kugombana na mtu. Noëlla alisimama jikoni na mwiko mkononi akaona aibu kwa jinsi alivyotaka kulia.

Likizo ikaisha, Deborah akarudi chuoni, karatasi ikabaki imebandikwa ukutani juu ya cherehani. Noëlla hakuwa mtu wa michezo. Alizaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto tisa, na wenzake walipocheza yeye aliwabeba mgongoni. Lakini ilipofika saa kumi kasorobo ya kesho yake, mzee akiwa mlangoni, alijikuta anasema kwa sauti isiyo yake, "Mashinisti Athanase, bantu bameshapanda. Treni iko tayari." Na mzee akageuka.

*

Treni haiendi na mtu mmoja. Noëlla alimwomba mzee Tshimanga, aliyekuwa msaidizi wa Athanase kwenye injini miaka kumi na minne, na ambaye sasa jicho lake moja lilikuwa limefunga ukungu. Tshimanga alikubali bila maswali. Alipoulizwa atakuwa nani mchezoni, alijibu kwamba atakuwa Tshimanga. Wa tatu alikuwa Tina, jirani yao mjane, aliyeuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele katika soko la Kikula, mtaa wao, na kupita hapo akirudi, beseni kichwani. Tina alichagua kuwa mke wa waziri anayesafiri daraja la kwanza na kulalamika juu ya kila kitu. Akalalamika vizuri sana.

Ilikuwa safari ndogo: kuwatoa watu katika mji ulioingiwa na maji, kuwavusha daraja, kuwafikisha Likasi mlimani. Deborah angeimaliza kwa siku mbili. Ila mzee hakukumbuka jana. Kila siku treni ilianza upya kwenye stesheni ileile. Kila siku Tshimanga alipaswa kushtuka kwamba maji yamepanda, na Tina kushangaa kwamba tiketi yake ina namba ya kiti cha mtu mwingine. Noëlla ndiye aliyebeba mzigo wa kutafuta kipya. Alikuwa ameshaweka ng'ombe relini, mvua ya mawe, nyuki ndani ya behewa, chifu aliyetaka treni imngoje mpaka anyolewe. Alisimulia huku anatoboa matundu ya vifungo, maana sare zilikuwa nyingi na mikono yake miwili. Zaidi ya mara sabini aliiondosha treni hiyo. Wakati mwingine alilala katikati ya sentensi, Tshimanga akakohoa kumwamsha, naye akauliza, "Haya, munafanya nini?" kwa sababu swali hilo halikuhitaji akili.

Makofi yalikwisha. Mzee alinenepa kidogo. Noëlla yeye alikonda, na mgongo ukaanza kumuuma mahali ambapo hakujua kuna mgongo.

*

Christiane alifika Jumamosi moja ya mvua. Alikuwa dada mkubwa wa Michel, mzaliwa wa kwanza wa mzee, mwenye duka la vitambaa Lubumbashi na cheo cha shemasi katika kanisa lake. Mtu wa Kikula alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba nyumbani kwa ndugu yake dadu zinarushwa juu ya kichwa cha mzee. Aliingia saa kumi na nusu, mwavuli ukidondosha maji, akawakuta wote wanne mezani, na baba yake akipiga honi kwa mdomo.

"Papa," alisema.

Mzee alimtazama kwa adabu. "Madame, wasafiri wanapandia nyuma," alimjibu, akarudi kwenye safari yake.

Jioni hiyo Christiane hakuongea na Noëlla. Alikagua. Alifunua kitanda cha mzee akanusa shuka, shuka ambazo Noëlla alikuwa amezifua asubuhi na kuzianika mara tatu kati ya mvua na mvua. Aliingiza kidole kwenye tundu la fulana ya baba yake akakiacha humo ili Michel akione. Noëlla, fundi wa nguo, alitamani sakafu impokee.

Baada ya chakula aliweka neno lake mezani. Nje ya mji kulikuwa na nyumba ya maombi inayopokea wazee wa namna hii. Alikwisha kuongea nao. Gari lingekuja Jumatatu asubuhi. Noëlla aliijua nyumba hiyo. Mtoto wa shangazi yake aliwahi kukaa huko miezi miwili akifunga chakula, mguu umefungwa kwenye nguzo ili asikimbie, na alitoka akiwa mtulivu kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuwa kitu kingine. Alimtazama Michel aseme. Michel alikuwa anatoa grisi chini ya kucha zake kwa njiti ya kiberiti.

"Papa aliendesha treni ya kweli," Christiane alisema. "Alibeba bantu elfu na elfu. Leo munamuketisha hapa, munamupa dadu, anacheza treni sawa mutoto. Quartier yote, majirani bote, banamucheka."

"Hakuna anayemucheka, Yaya," Noëlla alisema, kwa heshima ya dada mkubwa.

"Ninaongea na ndugu yangu."

Noëlla akakusanya sahani. Kulikuwa na jambo ambalo hakulisema hata alipokuwa amelala kando ya mumewe: aliposikia neno Jumatatu, kifua chake kilikuwa chepesi. Aliiona alasiri moja tupu, mlango wazi, hakuna stesheni, hakuna maji. Aliona pia ile nguzo. Vyote viwili vilikaa ndani yake usiku kucha, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

*

Jumapili, walipotoka kanisani, Christiane alitangaza kwamba siku hiyo hakuna mchezo. Ilipofika saa kumi kasorobo mzee alisimama, akavaa, akaenda mlangoni. Christiane alisimama nyuma yake akamwekea mkono begani akaanza kuomba. Mzee alitikisa kitasa. Aliomba afunguliwe, mara ya kwanza kwa upole, kisha kwa amri. Christiane alipandisha sauti ya maombi. Mzee alipiga mlango kwa ngumi, halafu kwa bega, halafu, kabla hawajajua anachokifanya, kwa paji la uso.

Michel alimshika kiuno. Damu ilishuka kando ya jicho.

"Huyu mwanamuke ni nani?" mzee aliuliza, anahema, akimwonyesha Christiane. "Juu ya nini ananizuia? Bantu banangojea."

"Papa, ni minye. Ni Christiane."

"Simujui."

Alisema bila hasira, kama mtu anayejibu karani. Mikono ya Christiane ilishuka. Mwanamke aliyejua kuongoza ibada ya watu mia tatu alisimama hapo katika sebule ya ndugu yake hajui aiweke wapi mikono yake.

Noëlla hakuamua. Miguu ndiyo iliyoenda. Aliketi kwenye cherehani, akaweka dadu mezani, akasema treni iko tayari, bantu bameshapanda. Mzee akageuka. Tshimanga, aliyekuwa amesimama nje muda wote huo na fimbo yake, alifunguliwa akaingia, na Tina nyuma yake, na hakuna aliyeuliza habari ya damu. Noëlla aliipangusa kwa kipande cha kitambaa cha sare huku akieleza kwamba maji yamefika kwenye ngazi ya stesheni.

Mchezo wa siku hiyo ulikuwa mbaya. Noëlla alichoka hata hakupata cha kuongeza. Hakukuwa na nyuki wala chifu, ni maji na reli tu. Treni iliondoka. Christiane alibaki ameegemea ukuta. Walipokaribia daraja mzee alimwona.

"Na huyu mama anaenda wapi?" aliuliza. "Hana fasi?"

Kila mtu alimtazama Noëlla, kwa kuwa kiongozi ndiye anayejibu mambo ya namna hiyo. Noëlla akaelekeza kidevu kwa Christiane. "Mumuulize mwenyewe," alisema.

Michel alisogeza kiti. Christiane alikaa nusu ya kiti, mkoba mapajani, kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

"Unaenda wapi, mama?"

Christiane aliukumbatia mkoba. "Ninaenda kwa baba yangu," alisema.

"Anaishi wapi?"

"Likasi."

"Ni nani? Likasi ninajua bantu bengi."

"Ni mashinisti. Anaitwa Athanase."

Tshimanga aliinamisha kichwa. Mzee alifikiri, midomo ikichezacheza, kama anayetafuta jina hilo kwenye orodha ndefu ya wafanyakazi.

"Ule ninamujua," alisema. "Ni muntu mugumu. Kila siku iko kazini. Anajua kama unakuya?"

"Hapana," Christiane alisema. "Hajui."

"Atafurahi. Hatasema, lakini atafurahi." Alichukua dadu akamwekea katika kiganja, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja. "Tupa weye. Ni weye uko na haraka kupita sisi wote."

Shemasi Christiane hakuwa ameshika dadu tangu utotoni. Aliitazama ngumi yake. Kisha akaifungua juu ya meza, na dadu ikabingirika ikasimama kando ya mkasi. Mbili.

Hakuhitaji kuelezwa maana yake, karatasi ilikuwa ukutani mbele yake. Alimwinulia Noëlla macho, na kwa mara ya kwanza tangu afike alimtazama usoni. Alikuwa anamwomba. Ingekuwa rahisi. Mzee hakuona vizuri, Tina angefunga mdomo, Noëlla angesema tano na treni ingefika Likasi, binti kwa baba, na wote wangekwenda kula. Noëlla alilifikiria. Alifikiria pia kwamba mzee katika hali yake hii alikuwa bado anajua maana ya treni kuchelewa, na kwamba kumdanganya sasa kungekuwa ni kumcheka kweli.

"Maji imepita juu ya daraja," alisema. "Leo hatuvuki."

Christiane alifumba macho.

"Bon," mzee alisema. Hakusikitika. Alikuwa mtu wa kazi yake, na maji yalikuwa sehemu ya kazi. "Tutalala hapa mpaka ishuke. Tshimanga, funga breki. Mama, sogea huku mbele, injini iko na joto." Akamwangalia vizuri. "Unatetemeka."

Alisimama, akafungua vifungo vya koti lake, taratibu, vidole vikimsumbua. Noëlla alitaka kumsaidia, Michel akamzuia kwa mkono. Mzee alivua koti akamfunika nalo Christiane mabegani, akalivuta mbele likutane, kama anavyofunikwa mtoto.

"Usimukasirikie baba yako," alimwambia. "Labda na yeye iko njiani."

Walikaa hapo, treni imesimama, mpaka mzee aliposinzia. Christiane hakulia kwa sauti. Alikuwa anashika ncha mbili za koti chini ya kidevu, na pua ilimtiririka, na hakuipangusa.

*

Gari lilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Christiane alitoka nje akaelewana na dereva awapeleke Lubumbashi, akarudi akamwambia Michel, ambaye siku hiyo hakwenda machimboni, kwamba ameamua mzee aende kwake, nyumbani kwake hasa, si mahali pengine. Alilisema kama shauri alilokuja nalo kutoka Lubumbashi. Michel akajibu kwamba ni sawa, akashukuru Mungu, akaanza kutafuta sanduku. Noëlla hakupewa shukrani na hakuulizwa. Alikunja fulana za mzee. Ile yenye tundu alikuwa ameishona Jumamosi hiyohiyo, baada ya wote kulala.

Wakati Michel anapakia, Christiane alikuja kusimama chini ya karatasi ya ukutani. Aliinua ncha yake ya chini, akasoma kanuni zote pande zote mbili.

"Na kama sijui ya kusema?" aliuliza, bado anatazama ukuta.

"Hata minye sijuaka, Yaya. Ninaulizaka tu."

Christiane aliitikia kwa kichwa. Noëlla akaibandua karatasi akampa, na dadu pia.

Mzee aliletwa, amenyolewa, kofia kichwani. Alimpa Noëlla mkono kama mgeni anavyomuaga mwenye hoteli. "Merci, madame," alimwambia. "Chakula ilikuwa muzuri." Miaka sita alikuwa amemwosha na kumlisha. Noëlla alijibu kwamba safari iwe njema, akabaki barabarani mpaka gari lilipokata kona, kisha akabaki kidogo zaidi, kwa kuwa hakujua jambo linalofuata ni lipi.

Jumanne Christiane alipiga simu: mzee amekataa kukaa, amevunja kioo. Jumatano alipiga tena: amekaa, wasichana wawili wa dukani wamecheza naye, safari imekwenda saa nzima. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Alitaka kujua wale nyuki aliowasikia Jumamosi waliingiaje. Noëlla alimweleza, na aliposhusha simu aliona ana furaha na ana wivu, na hana nguvu ya kushughulikia kimoja wala kingine.

Alhamisi saa kumi mzee Tshimanga alikuja. Alijua vema kwamba mwenzake hayupo. Alikuwa amemsindikiza kwa macho yake, lile zima na lile bovu. Alikaa kwenye kiti chake tu. Tina naye akaingia, akatua beseni, akakaa. Noëlla aliwaambia kwamba hakuna mchezo, karatasi imekwenda, dadu imekwenda.

"Weye umeongoza siku mingi," Tina alisema. "Leo minye nitaongoza. Weye uko nani?"

Noëlla alikuwa na sare mapajani na sindano mkononi. Swali hilo alikuwa amewauliza wengine wote, na hakuwahi kujiandalia jibu. Alitazama kitambaa.

"Mama moja," alisema polepole. "Iko ndani ya behewa, kwa dirisha. Hana mizigo. Hakuna muntu anayemujua."

"Anafanya nini?"

"Analala."

"Basi analala," Tina alisema. "Treni inaenda, na yeye analala."

Noëlla alicheka kidogo, akaegemeza kichwa kwenye mkono wake juu ya cherehani ili awaonyeshe jinsi mama huyo alivyolala. Usingizi wa kweli ukamchukua kabla hajakiinua. Tshimanga alingoja, akakohoa mara moja kwa mazoea, kisha akaona anachokifanya akaziba mdomo. Tina aliinuka bila viatu, akamtoa sindano katikati ya vidole, akaichomeka kwenye kitambaa. Sufuria ya jioni ilikuwa bado haijabandikwa. Tina aliitazama, akaenda kuwasha moto.